Baba Yako Hakutoroka

Nyemo, mke wangu mdogo,

Marahaba. Shikamoo yako ya kesho asubuhi nimeipokea kabisa leo, maana kesho utakuwa na haraka ya basi na mimi nitakuwa nagombana na kondakta kuhusu begi lako.

Habari za sweta, sabuni na kutopokea chakula cha watu njiani sitaziandika. Mama yako amekuambia mara nne, na mara ya tano anakuambia sasa hivi huko jikoni, namsikia. Mbeya kuna baridi, tumeelewa. Wanakula viazi hata wakiamka, tumeelewa. Utarudi umenenepa na utaukataa mlenda wangu.

Mimi nina jambo moja tu, na nimekaa nalo tangu una miaka minne. Kwa ukoo mimi ni babu yako, lakini tangu mwaka ule baba yako alipouawa nimekuwa baba yako pia, vibaya au vizuri utapima mwenyewe. Jambo lenyewe ni hili. Umekua ukisikia kwamba ofisi fulani ya jeshi ilimwandika baba yako mtoro, ndiyo maana akakosa heshima za kijeshi na mama yako akanyimwa mafao. Umewalaani watu wa ofisi ile hadi siku moja mchungaji akakukemea. Walaani kidogo, lakini wapunguzie. Aliyesema baba yako ni mtoro ni mimi.

Usikunje karatasi. Soma.

Leo mchana nilimwambia mama yako. Nilimkuta anashona herufi za jina lako kwenye mashuka kwa uzi mwekundu, ili wasikuibie bwenini. Nikamwambia yote. Alipomaliza kunisikiliza nikasema basi nitamwita Nyemo nimwambie na yeye. Akasema, "Hapana, baba. Mwandikie. Ukimwambia kwa mdomo utamchekesha, na akicheka atakusamehe kabla hajaelewa." Nikaona mwanamke huyu ananijua kuliko nilivyodhani. Kwa hiyo naandika, kwa mwandiko wa darasa la nne, na wewe uliyepata alama nzuri za Kiswahili usinisahihishie.

Baba yako alikufa hivi. Alikuwa kikosini kusini, akapewa likizo ya siku saba aje akuone. Alikuwa stendi ya mji mmoja mdogo anasubiri basi, amevaa shati la kawaida. Pembeni ya stendi kulikuwa na kituo cha polisi. Watu wenye bunduki wakakivamia, wale ambao baadaye redio ikawaita magaidi. Kila mtu akakimbilia huku, baba yako Elia akakimbilia kule. Hayo tuliyajua baadaye sana. Wakati ule tulichojua ni kwamba lori la jeshi limekuja hapa kwetu Makutupora na jeneza, askari sita, na luteni mmoja kijana, msafi, ana kalamu mbili mfukoni.

Sasa unamjua Mzee Shija wa mtaa wa Kikuyu, pale Dodoma mjini, yule Mnyamwezi wangu aliyekuwa fundi wa reli. Mtani wangu tangu ujana. Na unajua mtani msibani kazi yake ni nini. Lakini msiba huo hukuuona, ulifungiwa nyumbani kwa jirani na kipande cha muwa, kwa hiyo nakusimulia.

Lori liliposimama tu Shija akaanza. "Wagogo bwana! Hata kufa mnaomba lifti!" Nikamjibu, "Nyamaza mpagazi, shuka ubebe mzigo, ndiyo kazi ya babu zako." Akabeba. Tulipofika kaburini akaruka ndani, akalala chali, akafumba macho. Mchungaji akakasirika. Shija akapaza sauti humo chini: "Simpishi! Huyu mtoro! Ametoroka jeshi anakuja kujificha humu! Mwambieni arudi kambini!" Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Hata bibi yako, Mungu ampumzishe, alicheka akiwa ameshikwa na wanawake wawili. Na mimi, Nyemo, nilicheka. Siku tatu nilikuwa sijapumua. Nilicheka ndipo hewa ikaingia. Shija akapewa jogoo akatoka kaburini, na mwanangu akaingia.

Hapo sioni kosa la mtu. Mtani alifanya kazi yake. Kosa linakuja.

Baada ya mazishi yule luteni akaniita chini ya turubai. Ana fomu. Alikuwa kijana wa mjini, adabu zake zote, ananiita "mzee wangu." Akaniambia mkoba wa Elia uliungua kulekule stendi pamoja na karatasi ya ruhusa, na kambini kivuli cha ruhusa, yaani nakala yake, hakijaonekana, kwa hiyo anauliza tu familia inajua nini. Akaniuliza, "Mzee wangu, marehemu alikuambia aliondokaje kambini?"

Jibu lilikuwa rahisi. Elia alinipigia simu siku mbili kabla. Alisema, "Baba, nimepewa siku saba, mwambie Nyemo aanze kuhesabu." Nilikuwa nalo jibu mdomoni. Lakini kulitoa jibu hilo kulitaka nitaje simu ile, na kuitaja simu ile kulitaka nilie, na pale palikuwa na wanaume wote wa Makutupora. Shija alikuwa amekaa pembeni na jogoo wake. Nikajishikilia kwenye kicheko cha kaburini kama mlevi anavyoshika ukuta. Nikasema, "Si umesikia? Mtoro huyo. Alitoroka. Tangu utotoni mwoga, hata kunguru alikuwa anamkimbia."

Watu wakacheka. Luteni hakucheka. Aliandika.

Kisha akanigeuzia karatasi. "Soma, mzee wangu, ukiridhika weka saini." Mwandiko wake ulikuwa umeungana wote kama uzi wa sweta. Mimi nasoma herufi zilizosimama moja moja, hizo za kukumbatiana ziliniacha shule. Ningesema, nisomee kijana. Maneno mawili. Lakini nilikuwa nimeshachekesha watu, nilikuwa bwana mkubwa, nikaona aibu kuonekana sijui kusoma. Nikatazama ile karatasi kwa muda unaofaa, nikatikisa kichwa kama hakimu, nikaweka saini. Unaijua saini yangu yenye mkia mrefu. Hata mkia niliuongeza siku hiyo.

Tulikuwa tumemzika bila bendera na bila risasi kwa sababu ya ruhusa hiyo isiyoonekana, tukaambiwa taarifa ikikamilika tutaitwa.

Miezi ikapita, ikaja bahasha. Mama yako alikuwa kwenye mashamba ya zabibu anapogolea, kazi ya msimu aliyoianza mwaka huo. Nikaipeleka kwa mwalimu anisomee. Akasoma: familia haistahili mafao, kwa kuwa marehemu hakuwa na ruhusa, "kwa mujibu wa maelezo ya baba mzazi." Akarudia yale maneno ya mwisho akaniangalia. Nikamwambia, "Jeshi nalo lina utani." Nikaichukua barua nikaichoma kwenye jiko la mkaa. Mama yako aliporudi na mikono imechanika, nikamwambia, "Wanasema hawaioni ruhusa yake. Ofisi hizi bwana!"

Nilichokisema kwa luteni kilichukua dakika moja. Nilichomwambia mama yako jioni ile kilichukua miaka kumi na tano.

Kwa sababu mama yako hakukaa. Alianza kwenda Dodoma mjini. Anaamka, anapanda gari la zabibu, anakaa kwenye foleni na barua ya mtendaji wa kijiji. Na unajua nani alikuwa anamsindikiza? Mimi. Nilivaa koti langu la kahawia, nikakaa naye kwenye mabenchi yale. Niliwachekesha makarani. Nilijua majina ya wafagiaji. Mama yako aliambiwa rudi mwezi ujao, anatoka nje analia, na mimi nanunua karanga, nampa, namwambia, "Mungu yupo." Nyemo, nilikuwa najua. Ningeingia dirisha lolote nikasema, andika, mzee huyu alikuwa anatania. Niliogopa. Sikuogopa jeshi. Nilimwogopa mama yako. Nilisema nikimwambia ataondoka na wewe arudi kwao Chamwino, na nitabaki na kaburi.

Kwa hiyo nilikuweka hapa kwa uongo. Ulipokuja darasa la tatu unalia kwamba mtoto fulani kakuita mtoto wa mtoro, nilikubeba mgongoni hadi nyumbani kwao, nikamkaripia baba yake barabarani hadi akaomba msamaha. Aliniomba msamaha mimi! Na nikaupokea! Usiku ule sikula.

Sasa ndipo mambo yakageuka, na si kwa akili yangu. Nilivyoelewa mimi, wakubwa walikaa wakaona kuna askari wanauawa na magaidi humuhumu nchini, wengine likizo, wengine wamevaa kiraia, na hawapewi heshima kama wale waliofia ugenini. Wakasema mafaili yafunguliwe upya. La baba yako likafunguliwa. Ndani yake kulikuwa na karatasi ambayo hakuna aliyeihangaikia, maelezo ya mama mmoja aliyekuwa anauza chai stendi ile. Yule mama alisema kijana mmoja alikuwa anakunywa chai kwake, anamwonyesha karatasi ya ruhusa na kumringishia kwamba ana binti anayejua kuhesabu hadi saba. Risasi zilipoanza kijana yule alimsukuma chini ya meza, akatoka mara ya kwanza akarudi na mtoto, akatoka mara ya pili akarudi na mzee, akatoka mara ya tatu.

Nimekuandikia kama nilivyosomewa. Mara ya tatu hakurudi.

Basi akaja kapteni, mwanamke, mwezi wa tano, wewe ulikuwa mjini kwa mambo ya maombi ya chuo na mama yako shambani. Alifika na faili, akakaa kwenye kigoda chako. Akasema wamekwishatafuta na kivuli cha ruhusa kimeonekana, kilikuwa kimebanwa kwenye faili la mtu mwingine. Kilichobaki ni karatasi moja inayopingana na mengine yote. Akaigeuza. Nikaiona saini yangu, mkia na vyote.

Akauliza, "Mzee, hii ni yako?"

Ningeweza kusema si yangu, wameighushi. Ulimi ulikuwa tayari. Nikatazama kigoda chako. Nikasema, "Yangu. Na ni uongo. Nilikuwa natania."

"Unatania kuhusu mwanao aliyekufa?"

"Afande, wewe kabila gani?"

"Mhehe."

"Basi mtani wangu wewe, unajua."

Hapo alitaka kucheka, nilimwona, akameza kicheko. Akasema, "Mimi najua, mzee. Faili halina mtani." Akataka shahidi. Nikampigia Shija, akaja na pikipiki kutoka Kikuyu, amevaa suti. Kapteni akamuuliza kama anakumbuka aliyoyasema kaburini.

"Nakumbuka kila neno, afande. Jogoo mwenyewe alikuwa amekonda."

"Jibu swali, mzee."

Shija akavua kofia. Sikuwahi kumwona akivua kofia mbele ya Mgogo. Akasema, "Nilimwita mtoro kwa sababu nilimpenda. Kama ningejua kuna mtu anaandika, ningemlilia tu kama watu wengine." Halafu akatoka nje, na nilimwacha huko nje peke yake kwa muda.

Mimi nikatoa maelezo mapya. Safari hii nilisema, "Nisomee, afande, huo mwandiko sijui." Akanisomea mara mbili. Nikamuuliza kama anaweza kuichana ile ya zamani. Akasema karatasi ya faili haichanwi, itakaa, na mpya itabanwa juu yake. Nikasema ni sawa. Atakayefungua faili la Elia aone kwamba kulikuwa na mjinga mmoja, na mjinga huyo alikuwa mimi.

Ya mwezi uliopita, siku ya heshima za baba yako, unayajua, ulikuwepo. Lakini ulikuwa mbele umeshika bendera iliyokunjwa, hukuona ya nyuma. Waliposoma "Koplo Elia Ndahani, aliyeuawa na magaidi akiokoa raia," ulinigeukia ukanong'ona, "Babu, mbona unatetemeka?" Nikasema baridi. Jua lilikuwa linapasua mawe. Risasi tatu za heshima zilipolia, mbuzi wa mchungaji walikimbia hadi leo mmoja hajaonekana, na watu wote wakageuka kunitazama, wanasubiri niseme kitu. Nilikuwa nacho, tena kizuri, kuhusu mbuzi na mchungaji. Sikukisema. Mama yako aliipokea nishani, akaifuta kwa kanga kama anafuta uso wa mtoto. Nilipumua, Nyemo. Hewa iliingia hadi chini kabisa, mahali ambapo haikufika tangu kaburini, na mara hii hapakuwa na mtu aliyenichekesha.

Nilidhani imeisha hapo. Mafao yamekuja, chuo unalipiwa kwa barua inayosema wewe ni mtoto wa askari aliyeuawa na magaidi, kila mtu anafurahi, mzee anaweza kufa na siri yake. Lakini tangu barua hiyo ifike umekuwa unaisoma kwa sauti kwa kila mgeni, na kila ukimaliza unasema, "Na kile kiofisi kilichomwita mtoro kione sasa!" Kiofisi kinakaa mlangoni, kinamenya karanga.

Ndiyo maana leo mchana nilimwendea mama yako na mashuka yake. Nilipomaliza hakuacha kushona.

"Ile barua ya kwanza iliandikwa hivyo?"

"Iliandikwa hivyo."

"Na ukaichoma."

"Nikaichoma."

"Na zile foleni zote. Ulikuwa unanisindikiza."

"Nilikuwa nakusindikiza."

"Ukijua."

"Nikijua, Roda."

Akashona herufi moja nzima. Kisha akasema, "Nilikuwa nashangaa. Mtu anatania mchungaji, anatania maiti, lakini akitajwa Elia anatafuta jembe." Akakata uzi kwa meno. "Nimekasirika, baba. Nitakasirika hadi mavuno, labda na zaidi. Usinitanie kabla sijamaliza." Nikasema sawa. Akasema, "Na ugali wako uko kwenye sufuria." Niliula wote, na nilipomaliza nilikuwa bado na njaa. Siku nyingi sijapata njaa namna hiyo.

Unaona, nilifikiri ningemwambia ningempoteza. Amekasirika na yuko palepale, anakufungia mashuka. Miaka kumi na tano nilikuwa namwogopa mwanamke ambaye hayupo, niliyemtunga mwenyewe, wakati mwenyewe halisi anapita mbele yangu na ndoo ya maji. Sina ushauri mkubwa kuliko huo, na hata huo si ushauri, ni habari tu. Utapata siku utakayosema jambo la kijinga ukiwa na maumivu. Utakuwa muuguzi, mtasemana mengi wodini mkiwa mmechoka. Likisemwa, rudi siku hiyohiyo ulirekebishe. Ukichelewa linaanza kula chakula chako.

Na wewe una haki ya kukasirika pia. Mama yako amechukua hadi mavuno, wewe chagua muda wako. Usiniandikie haraka kwamba babu hamna shida. Shida ipo. Nikikuona kesho stendi nitakupa mkono, sitakutania hata kidogo, na utaona uso wangu unavyokuwa mbaya ukikosa utani. Bahasha hii nimeiweka chini kabisa ya begi, chini ya mashuka, uikute ukifika.

Siku ya kwanza chuoni watakupa fomu. Naambiwa wanauliza jina la baba na kazi yake. Sekondari ulikuwa unapaacha wazi pale, niliiona fomu yako moja na sikusema kitu. Safari hii jaza. Andika Koplo Elia Ndahani, askari, aliuawa akiwatoa watu stendi. Kama nafasi ni ndogo, andika pembeni. Na kama kuna atakayekuuliza na babu yako ni nani, huyo mjibu wewe unavyoona. Mimi sitakutafutia maneno.

Babu yako,
Ndahani